Mahindi Yaliyofungwa

Mwaka ule mahindi yaliiva mapema, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Kama yangechelewa, watu wa kijiji cha Aimanas wangekaa na njaa yao na kuizoea, kama walivyoizoea kila mwaka mvua zinapoanza. Lakini yaliiva. Yalisimama nyuma ya kila nyumba, yamenenepa ndani ya maganda yake, ndevu zimekauka, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Mahindi hayaliwi mpaka yafunguliwe, na hayafunguliwi na mtu na mumewe jikoni kwao. Hufunguliwa juu kilimani, katika nyumba ya ukoo, ukoo mzima ukiwa umekusanyika. Mtunza nyumba huwapa mababu hindi la kwanza na damu ya jogoo, na wao wakishakula ndipo walio hai nao waruhusiwe kupeleka mkono kinywani. Sheria hiyo haikutungwa na mjinga. Bila hiyo watu wangelimaliza shamba likiwa bado bichi, na msimu wa kupanda ungewakuta hawana hata mbegu.

Mtunza nyumba, Mzee Mau-Kuru, alikuwa tayari siku nyingi. Jogoo alikuwapo. Waliokosekana ni watu wa ukoo wanaoishi Dili, mji mkuu, na bila wao nyumba haifunguliwi. Kila Jumapili walipiga simu kusema wanakuja wiki ijayo. Barabara imekatika, walisema, na daraja ni kama mnavyolijua. Daraja lenyewe lilikuwa nguzo mbili katikati ya mto. Kampuni iliyopewa kazi ilizisimika, ikapiga picha na waheshimiwa, ikaondoka na mashine zake, na tangu hapo zimebaki kwa faida ya ndege wanaotaka pa kutua. Watu wa Dili walikuwa wanakula wali wa dukani, kwao wiki ijayo ni wiki ijayo tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Basi Aimanas walikula maharage machungu, yale yanayojiotea msituni, nayo si chakula cha kuchezea. Ukiyachemsha mara moja ukala, unakufa. Unayachemsha, unamwaga maji, unatia mengine, unachemsha tena, unamwaga, hivyo hivyo mpaka siku inakuishia jikoni. Kisha mpishi anamenya punje moja na kuiweka ulimini. Ikiwa bado chungu, anaanza upya. Wageni wa miradi husema hicho ni chakula cha asili na hukipiga picha. Hawakili.

Katika nyumba ya Etelvina maharage yalipikwa na mtu mmoja tu, mama mkwe wake, Buileki. Bibi huyo aliuamini ulimi wake kuliko misale ya padri. Tangu aolewe, Etelvina hakuwahi kuruhusiwa hata kukoroga chungu hicho. Kazi yake ilikuwa kuni, na mwezi ule kuni hazikuwa kuni. Mvua ilinyesha bila kupumua, na kila tawi aliloleta lilitoa povu na moshi, moto hakuna. Mumewe, Abrau, ndiye aliyekuwa akipasua magogo na kuyaanika chini ya sakafu ya nyumba, lakini Abrau alikuwa Dili akisubiri jina lake litokee apelekwe Australia kuchuma matunda ya watu. Wanawake wawili na mtoto mmoja walibaki na moshi wao.

Mtoto huyo ni Zulmira. Alikuwa bado na meno yake yote ya utotoni, na kwa wiki nzima hakuwa ameomba chakula.

Hilo ndilo lililomtia Etelvina hofu. Mtoto anayelia njaa bado ana nguvu za kulia. Zulmira alikuwa amenyamaza. Alikaa mlangoni akiwatazama kuku bila kuwafukuza, na nywele zake zilianza kugeuka rangi ya kutu. Etelvina aliwahi kuona mtoto wa jirani akinyamaza hivyo, na aliyeona mwisho wake hahitaji kusimuliwa.

Asubuhi moja alisema anakwenda shambani kufukuza kasuku. Akamchukua mtoto mgongoni. Katika kibanda cha shambani alilivunja hindi moja, akalichoma na maganda yake kwa nyasi kavu alizochomoa kwenye paa, akamlisha Zulmira punje baada ya punje. Yeye mwenyewe hakula hata moja. Alidhani labda mababu watalihesabu hilo. Kisha akachimba shimo, akafukia gunzi na maganda, akakanyaga udongo.

"Usimwambie Bibi," alimwambia mtoto.

"Tamu," Zulmira akasema, akalamba vidole.

Kila mtu Aimanas anajua yanayompata mwenye kula mahindi kabla hayajafunguliwa. Radi humjia mpaka kitandani. Nyoka humngoja penye kizingiti. Na asipokuwa yeye, ni mwanawe. Etelvina alifika darasa la nane, na mwalimu alimfundisha radi inatoka wapi. Lakini mwalimu huyo huyo hakuwahi kulivunja hindi kabla ya wakati wake.

Mchana Buileki aliwapakulia maharage. Etelvina alikula bila kuonja ladha ya chochote, macho yake kwa mtoto. Zulmira alikula kidogo, akalisukuma bakuli.

"Huyu leo ameshibishwa na nini?" Buileki akauliza. "Upepo?"

Etelvina akamfuta mtoto mdomo. "Hana hamu tu, Mama."

"Hamu." Buileki akalivuta bakuli, akalitazama kwa muda, akalirudisha chini bila kula. Kwa kawaida hakuacha chombo kikiwa na kitu. Etelvina aliliona hilo, na kwa kuwa alikuwa na lake moyoni, akadhani bibi ameshamgundua.

Haikupita muda mrefu Zulmira akatapika. Kwanza maji, kisha kila kitu. Kichwa kilimlegea shingoni, macho yakawa yanatazama bila kuona, na pumzi yake ikawa ya haraka na fupi. Etelvina akamnyanyua, na aliponyanyuka naye akahisi kizunguzungu, sakafu ya mianzi ikamkimbia miguuni. Akashika nguzo. Kupitia mlangoni aliyaona mahindi yamejipanga nyuma ya nyumba, yametulia, kama watu waliokuja kutoa ushahidi. 

"Mama," alisema, "tumpeleke juu. Kwa Mzee Mau-Kuru."

Alitarajia bibi akubali hata kabla hajamaliza kusema. Buileki ndiye mtu aliyesema zahanati ni mahali pa kwenda kufia mbali na nyumbani. Buileki aliumwa malaria akafungwa majani, aliumia goti akafungwa majani. Lakini bibi alikuwa ameshasimama, anajifunga kitambaa kiunoni, uso umempauka.

"Tunashuka," akasema. "Tunakwenda zahanati."

"Zahanati? Na mto umejaa?"

"Mbebe mtoto, Etelvina."

"Mama, kilimani ni karibu. Mzee Mau-Kuru akiongea na mababu..."

"Mau-Kuru atamfanya nini? Atamwimbia? Mimi na Mau-Kuru tumekua pamoja, hajawahi kuponya hata kikohozi chake mwenyewe. Mbebe mtoto nimesema."

Etelvina angeweza kusema neno moja na mambo yote yangegeuka. Angesema kwa nini ni kilimani na si zahanati. Lakini neno hilo lilikuwa limefukiwa shambani, na kulifukua mbele ya mama mkwe kulimtisha kuliko kifo chake mwenyewe. Kifo cha mtoto kilimtisha zaidi, ndiyo, lakini alijiambia bado kuna muda, atalisema njiani, atalisema wakifika penye mti ule, atalisema baada ya kona ile. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aliijua methali hiyo, akamfunga mtoto mgongoni, akashuka.

Njia ilikuwa tope tupu. Buileki na goti lake bovu alitangulia, akiteleza, akiinuka, akiteleza tena, bila kutukana, na bibi yule kuanguka bila kutukana kulikuwa jambo jipya. Mara kwa mara aligeuka.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Mwongeleshe. Asilale."

Etelvina alimwongelesha. Alimwuliza majina ya kuku. Mwanzoni Zulmira alijibu kwa mguno, baadaye hakujibu, ila joto la pumzi yake lilikuwa bado shingoni kwa mamaye, fupi, fupi, fupi. Walipita mti ule. Walipita kona ile. Hakusema.

Mtoni walimkuta Agapito akikata mianzi. Agapito ni binamu wa Abrau, mtu wa maneno mengi na mashamba machache.

"Shangazi," akamwita Buileki, "na goti hilo unakwenda wapi, dansini?"

Kisha akamwona mtoto, akaweka panga chini.

Mto ulikuwa mwekundu na mpana, unapita zile nguzo mbili za daraja kwa kelele, ukibeba magogo na mizizi. Ng'ambo, juu ya ukingo, bati jeupe la zahanati lilionekana dhahiri. Mtu angeweza kupiga kelele akasikika huko. Karibu ukingoni upande wa chini, mchanga ulikuwa na alama pana ya kitu kizito kilichojiburuta kuingia majini.

"Jana jioni Babu alikuwa pale," Agapito akasema kwa sauti ya chini. Hakuna anayemwita mamba jina lake akiwa karibu na maji. Babu ndiye aliyewazaa, na Babu hamgusi mjukuu asiye na hatia. Anamchukua mkosaji tu. Ndiyo maana mtu wa pale, kabla ya kutia mguu mtoni, husimama ukingoni na kuyasema makosa yake, kila moja kwa jina lake, ili aingie majini akiwa mweupe. "Mimi nimevuka asubuhi na nimerudi," Agapito akaendelea. "Lakini nilichelewa sana kuvuka. Mnanijua, orodha yangu ni ndefu."

 Akaingiza mwanzi majini kupima. "Unafika kifuani. Nitatangulia na mwanzi, nyinyi mshike nyuma. Twendeni."

Akaingia. Maji yakamfika magotini, akageuka. Wanawake wote wawili walikuwa bado wamesimama nchi kavu.

Etelvina alijitahidi kuinua mguu, ukakataa. Aliiangalia ile alama mchangani. Alijiona katikati ya mto, akahisi kile kitu kikija kutoka chini bila sauti, kikiijua njia, kikimtafuta yeye peke yake kati ya watu wanne. Na mgongoni kwake yupo mtoto. Kikimvuta yeye kinamvuta na mtoto.  Alimwangalia mama mkwe, akitumaini bibi atatangulia na yeye ataona aibu kutomfuata, akaona kwamba Buileki naye hasogei. Bibi alikuwa ameyakazia macho maji.

"Mama, tangulia," Etelvina akasema.

"Tangulia wewe."

"Mnangoja nini?" Agapito akaita. "Mtoto anabadilika rangi."

Hapo Etelvina akapiga magoti kwenye tope, mtoto mgongoni, akauambia mto. Hakuuambia mama mkwe, uso wake haukuthubutu kugeukia huko.

"Nimevunja hindi," akasema. "Leo asubuhi. Nimelichoma, nimempa mtoto. Yeye hana kosa, hajui kitu. Nimelivunja mimi kwa mkono wangu huu. Niadhibu mimi, Babu, yeye mwache."

Alisubiri kofi. Alisubiri mayowe, laana, kufukuzwa, kurudishwa kwao na aibu yake. Kofi halikuja. Alisikia mto tu. Kisha nyuma yake, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kutoka kwa mwanamke yule, sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja mtungi:

"Kuni ziliisha."

Etelvina akageuka.

"Kuni ziliisha," Buileki akarudia. Naye aliuambia mto. "Moto ulikufa. Nilimwaga maji mara mbili, ya tatu hayakuchemka. Nikaonja. Nilijua. Ulimi wangu haujafa, nilijua kabisa yana sumu bado. Nikasema nikimwambia huyu binti arudi msituni na mvua ile ataleta povu jingine, na mtoto hajala. Nikasema tutakula kidogo, haitadhuru. Mimi mwenyewe sikula. Nililiona bakuli la mtoto, nikashindwa kula." Akajipiga kifuani kwa kiganja. "Nimewapakulia sumu kwa mkono wangu. Nichukue mimi, Babu. Mimi ni mzee."

Etelvina alisikia, akaelewa, na kilichompanda hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira kali mpaka macho yakaona giza. Kile kizunguzungu nyumbani. Lile bakuli lililoachwa. Njia nzima bibi huyu alijua, alijua kilichokuwa kinamwua mtoto, naye alinyamaza na kuuliza anapumua, anapumua. Akafungua kinywa. Na kabla neno halijatoka, lake mwenyewe likamrudi. Yeye pia alinyamaza, mti hadi mti, kona hadi kona. Kama bibi angemsikiliza yeye, sasa wangekuwa kilimani wakimchinja jogoo, na mtoto angekuwa anakufa taratibu kwa heshima zote.

"Mungu wangu," akasema. 

Agapito alikuwa amesimama majini, ameshika mwanzi, amesikia kila kitu. Walimtazama wote wawili kwa pamoja, na hofu nyingine ikaingia, ile ya midomo ya kijiji.

"Nina maji masikioni," akasema. "Tangu asubuhi. Haya, njooni."

Wakaingia. Maji yalikuwa baridi na yenye nguvu, yakawasukuma ubavuni, mchanga ukawa unaondoka chini ya nyayo kila walipokanyaga. Etelvina alimhamishia mtoto mabegani, mikono miwili ikimshika miguu, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kushika mwanzi, na Buileki ndiye aliyemshika yeye kiuno. Katikati, maji yakamfika kifuani. Kitu kikamgusa paja, kigumu, cha baridi, kikapita taratibu kikimkwaruza. Mkojo ukamtoka. Hakupiga kelele, kwa sababu kama angepiga kelele angeanguka. Kikapita. Tawi la mti likaibuka mbele yao na majani yake, likaenda zake.

"Tembea," Buileki akamwambia sikioni. "Tembea, mwanangu. Tembea."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Mwuguzi wa zahanati aliitwa Olavo, ingawa watu walimwita Daktari, naye alishachoka kuwasahihisha. Alimlaza mtoto, akamfunua kope, akasikiliza kifua, akamnusa kinywa.

"Amekula nini?"

Safari hii hakuna aliyengoja mwenzake.

"Maharage machungu," Buileki akasema. "Hayakuiva. Nimeyapika mimi."

"Mengi?"

"Kidogo," Etelvina akasema. "Alilisukuma bakuli. Na ametapika."

"Basi ana bahati. Wiki iliyopita waliniletea mmoja aliyemaliza bakuli." Hakueleza aliyemaliza bakuli alipata nini. Alikuwa akizungumza huku anatafuta mshipa kwenye mkono ule mwembamba, akaukosa, akautafuta tena. "Dawa yenyewe ya sumu hii sina. Iko Dili. Nimeiomba tangu mwaka juzi. Hewa ya mtungi imekwisha. Gari la wagonjwa liko upande mwingine wa mto mwingine, nao pia umejaa. Nina haya maji ya kumtundikia, na nitakaa naye. Sitaki kukudanganyeni."

"Atapona?" Etelvina akauliza.

"Akipumua mpaka jua lizame, nitakujibu."

Hakuna saa ndefu kama ile. Etelvina alikaa sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akizitazama mbavu za mwanawe zikipanda na kushuka. Zilipochelewa kupanda, naye alizuia pumzi yake mpaka zipande. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mama mnene na mtoto mnene, mezani kwao mayai, maziwa, papai, samaki, na maneno yaliyowaagiza wazazi wawalishe watoto chakula bora. Aliisoma. Akaisoma tena. Alitamani kumjua mtu aliyeibandika, amuulize maziwa hayo anayachuma kwenye mti gani.

Buileki alikaa mlangoni, mgongo kwao. Baada ya muda mrefu akasema bila kugeuka:

"Hakula mengi kwa sababu alikuwa ameshiba."

 Etelvina alikuwa ameshalifikia wazo hilo peke yake na likamwogopesha. Kama hindi ndilo lililomwokoa mtoto, basi mababu wanataka nini? Au walilitoa wenyewe? Au bado hawajamaliza, na zamu yao inakuja? Hakuwa na wa kumwuliza. Mzee Mau-Kuru mwenyewe alikuwa amekonda mpaka shati linampepea, akila maharage yale yale, akiilinda sheria kwa tumbo tupu kama wengine. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Jua lilikuwa limefika kwenye vilele vya minazi Zulmira alipofumbua macho. Aliangalia dari. Aliangalia ule mpira wa maji mkononi mwake. Akamwona mamaye.

"Mama," akasema. "Nina njaa."

Wiki nzima Etelvina alikuwa amemwomba Mungu amsikie mtoto akisema maneno hayo. Sasa aliyasikia, akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia kwa kwikwi, mdomo ameuziba kwa kiganja. Mwuguzi alitoka akarudi na sahani yake ya wali, wali wake wa jioni, pamoja na kipande cha samaki mkavu. Zulmira akala kwa mkono usio na sindano. Walimtazama watu wazima watatu, kila punje.

"Kesho anaweza kwenda nyumbani," Olavo akasema. "Lakini nisikilize, dada. Maharage yale asiyaguse tena. Hata yaliyoiva. Mwili wake sasa hauyawezi, ni mdogo na hauna akiba. Mara ya pili hatafika hapa. Mpe kitu kingine chochote."

"Kitu gani?" Etelvina akauliza.

Hakuwa anamkejeli. Aliuliza kweli. Mwuguzi akafungua kinywa, akaangalia picha ya ukutani, akaona haya, akafunga kinywa. Mshahara wake ulikuwa umechelewa miezi. Kulikuwa na wali wa kesho na keshokutwa, wake na wa wanawe.

Buileki akasimama. Akajifunga tena kile kitambaa kiunoni, akalikunjua goti lake kwa mikono miwili.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kabla ya giza."

"Kufanya nini?"

"Kuvunja mahindi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anayekwenda kuanua nguo. Etelvina akainuka. "Mama, usifanye hivyo. Nimelivunja moja kwa siri, na ona. Wewe unataka kuyavunja..."

"Hadharani, mlango wazi, watu wanaona. Kapu zima. Na nikimaliza nitapanda kwa Mau-Kuru nimwekee kapu mbele yake nimwambie, Mau-Kuru, mababu zako wangoje watu wa Dili wakitaka, wao wameshakufa, wana nafasi. Mjukuu wangu hana."  Aliogopa, ilionekana wazi, aliogopa mpaka midomo imekuwa mikavu. "Wakinilaani, wanilaani mimi. Wewe bado unazaa."

"Watakutenga, Mama. Hakuna atakayekuja kwenye mazishi yako."

"Kwenye mazishi yangu mimi nitakuwa nimelala."

Akatoka. Etelvina alimchukua mtoto, akaushika ule mpira na chupa ya maji juu kwa mkono mwingine, akamfuata mpaka barazani, mwuguzi akimkataza nyuma yake. Kutoka hapo ukingo wote ulionekana. Agapito alikuwa bado yuko pale na mwanzi wake. Alikuwa amewangoja jioni nzima, na alisimama alipomwona shangazi yake anashuka.

Buileki alifika penye maji, akasimama. Etelvina alimwona akizungumza na mto. Maneno hayakumfikia, lakini aliyajua. Watu wote wa pale humwambia Babu waliyoyafanya. Bibi yule alikuwa anamwambia atakalolifanya. Alisema, akanyoosha kidole upande wa Aimanas, akasema tena, kisha akanyamaza, akangoja kidogo, kama anayempa mtu nafasi ya kukataa.

Akatia mguu nyuma ya Agapito na mwanzi wake. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani, mpaka ikabaki mvi na mkono mmoja umeshika mwanzi.  Kidogo kidogo mabega yakaanza kutokeza upande wa pili, kisha mgongo, kisha bibi mzima, ameloa, anachechemea, anapanda kilima bila kutazama nyuma.

"Bibi anakwenda wapi?" Zulmira akauliza.

"Anakwenda kuleta chakula," Etelvina akamwambia. Alikuwa amemwambia hivyo mara nyingi tangu mvua zianze, na mara zote hizo za nyuma alikuwa anamdanganya.